Siku Niliyonasa Kwenye Kiti cha Shija

Chekeni mapema yaishe, maana najua mtacheka hata nikiwaomba msicheke, na mimi nimeshazoea: Goweko wamenicheka, Ng'ambo wamenicheka, mume wangu alicheka mpaka akaenda kukaa kizingitini kushika mbavu, na kuna video inatembea kwenye simu za watu ambayo mimi mwenyewe sijaweza kuitazama mpaka mwisho. Aibu ninayo, sikatai. Lakini kwa kuwa kila mtu anaisimulia anavyotaka (huko sokoni nimesikia eti lililetwa greda kunitoa), bora niisimulie mimi niliyekuwepo, tena niliyekuwa katikati yake, nimebanwa pande zote.

Mimi naitwa Mwajuma, mzaliwa wa Ng'ambo hapa hapa Tabora, na kazi yangu ni tiba kwa vitendo, upande wa watoto. Watu wakisikia hivyo huniuliza ni vitendo gani hivyo, na wengine hucheka kicheko kibaya, basi nawaeleza: mtoto akichelewa kukaa, kushika, kutembea, kula mwenyewe, mimi ndiye ninayemtazama, nikapima amefika wapi ukilinganisha na umri wake, kisha nikamsaidia afike anapoweza kufika. Sipimi damu wala mkojo. Napima mtoto anaokotaje punje ya haragwe: anaikomba kwa kiganja kizima, au anaibana kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada? (Msidharau. Ndani ya punje hiyo kuna kalamu, kuna kifungo cha shati, kuna kijiko cha uji.) Na kazi hii naijua. Nikimtazama mtoto akivuka chumba, nakuambia mengi kabla mama yake hajafungua mdomo, na nikisema hivyo sijisifu. Haya, najisifu kidogo, lakini kwa haki.

Jambo la pili mnalopaswa kulijua, kwa sababu mkasa wote umekalia hapo, ni kwamba mimi si mwembamba. Kwetu mwanamke akipungua watu wanamuuliza anaumwa nini, na mimi sijawahi kuulizwa swali hilo. Nyonga zangu nimerithi kwa bibi yangu mzaa mama, nazipenda, na mpaka siku ile hazikuwahi kunikosea adabu.

Sasa siku yenyewe. Tulikwenda Goweko, wilayani Uyui, kwenye zahanati moja, kwa ajili ya kliniki ya watoto wenye matatizo ya ukuaji, na akina mama walitoka vijijini huko wanakolima tumbaku, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu na mtoto mgongoni. Mwenyeji wetu alikuwa Sista Leokadia, muuguzi wa pale, mwanamke mwenye utulivu wa kupindukia, anayecheka kwa mabega tu bila sauti (mabega hayo nitayarudia). Juu ya gari letu tulikuwa tumefunga kiti, na kiti hicho naomba mkielewe vizuri.

Kilikuwa cha Shija, mtoto wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kukaa bila kushikwa, mwili unamlegea huku na kukakamaa kule. Mama yake alikuwa amekisubiri tangu masika. Nilikipima mimi, na kikachongwa na fundi Maulidi wa kule kwetu Ng'ambo kwa mbao ya mninga, mninga mkavu wa humu humu mwetu, msioliwa na mchwa na usiojua kupinda. Kilikuwa na mgongo mrefu, mikono miwili ya kumzuia mtoto asianguke kando, na kimeza cha mbele kinachoteleza kwenye mifereji, kikishaingia unakifunga kwa chini na pini mbili za mti zenye vichwa vidogo, ili mtoto asikisukume kikatoka. Kukifungua unaingiza vidole chini ya kimeza, unaishika pini kwenye kichwa chake, unaizungusha kidogo, unaivuta. Kazi nzuri kabisa. Nilikuwa nakionea fahari kana kwamba nimekizaa.

Lakini kabla ya kiti, asubuhi ile nilimwona kwanza mtoto mwingine, binti anaitwa Kabula, aliyekuwa anaelekea miaka mitano. Aliletwa na bibi yake, Bibi Nyamizi, kwa sababu mama mtu alikuwa Urambo kwa mume mwingine, na mtoto alibaki kwa bibi tangu alipopata homa kali na degedege akiwa bado ananyonya. Mwalimu mkuu wa shule ya kijiji alikuwa amemwambia bibi kuwa darasa la awali atampokea, ila kwanza apimwe, waambiwe kama anaelewa anachoambiwa na kama mikono yake inafanya kazi, maana yeye aliona mtoto habebi kitu, hashiki kitu, kila kitu anafanyiwa.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Huyu ndiye mzigo wangu," akasema, huku anamfuta Kabula pua kwa ncha ya khanga, taratibu, jinsi mtu anavyofuta kitu anachokipenda. "Kusikia anasikia. Lakini mikono, sijui. Namlisha, namvalisha, namwogesha. Nikimwachia ataumia."

Basi mimi nikakaa nyuma ya meza ya zahanati na koti langu jeupe, nikamwaga maharage yangu, nikatoa vibao vyangu vya rangi, shanga na uzi, nikamwambia Kabula, kwa Kiswahili changu cha mjini kinachokwenda mbio, aokote haragwe atie kwenye kichupa. Hakutazama haragwe. Nikapanga vibao, kimoja juu ya kingine, nikamwambia apange kama mimi. Akaficha uso kwenye khanga ya bibi. Nikampa shanga, ikaanguka chini, wala hakuifuata kwa macho. Nikapiga makofi, nikaimba (naimba vizuri), nikachora mstari, nikamwomba na yeye achore, akawa kama anayeongeleshwa na ukuta. Nje akina mama wamejaa, muda unakwenda, na mimi, Mwajuma nisiyekosea, nikamwambia Sista Leokadia pembeni kuwa huyu bado sana, maagizo hafuati, mikono haitumii, shule asubiri, tuzungumze na bibi mchana kwa upole.

Bibi Nyamizi alinisoma usoni. Alimpandisha Kabula mapajani, mtoto mkubwa vile, wakaenda kukaa ukutani kungoja.

Ikafika zamu ya kiti. Tulikiweka uani, kwenye kivuli cha paa la zahanati, akina mama wakakizunguka kwenye mikeka, nikaeleza kwa nini mtoto akae wima: atameza chakula bila kupaliwa, atatazama watu badala ya kutazama dari, mikono itakuwa huru kucheza. Wakaitikia vizuri. Nikamwambia Mama Shija, haya mama, mlete mwenye kiti.

Mama Shija hakusogea. Alikuwa binti mdogo tu, ana khanga mbili na mtoto, na alikuwa amemkumbatia mwanawe kwa nguvu.

"Dokta," akasema (wananiita dokta, nimechoka kuwasahihisha), "samahani. Mwanangu akikakamaa ana nguvu sana. Kitanda alikipasua ubao. Hiki hakitavunjika akaanguka nacho?"

Swali la maana. Jibu la maana lilikuwa kukiegemea kiti kwa mikono, kukitikisa, kuweka juu yake ndoo ya maji, mbinu zipo nyingi. Mimi nikatabasamu, nikavua koti nikampa Sista Leokadia, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mama, huu ni mninga. Nitakaa mwenyewe."

Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika. Ukiuliza kwa nini, sijui. Umati ulikuwa unanitazama, na mimi mbele ya umati huwa napata nguvu ya ajabu.

Nikaingia kinyumenyume. Mwanzo nilikaa ukingoni tu, nimejinyanyua kidogo, na kwa kuwa nilitaka waone kiti kizima kinavyofanya kazi, nikamwambia Sista Leokadia anitelezeshee kimeza na afunge pini. Akanitazama. "Na pini?" "Na pini." Akafunga. Kisha mimi, ili kuthibitisha, nikajiachia kwa uzito wangu wote, chini, mara moja, pu! Nikasikia nyonga zikipita mahali ambapo hazikukaribishwa. Akina mama wakapiga vigelegele. Kiti hakikulia hata kidogo. Nikatikisika kulia, nikatikisika kushoto, nikasema, "Mnaona?" Wakasema wanaona. Mama Shija akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Nikataka kunyanyuka.

Sikunyanyuka. Nikajaribu tena kwa ujanja, kama mtu anayerekebisha gauni, na nikaelewa hali yangu yote kwa pamoja: pembeni nimebanwa na mikono ya kiti, mbele kimeza kimenizuia nisiweze kuinama, na chini ya kimeza mapaja yangu yameziba njia ya kuzifikia pini. Mtu mwenye akili angesema hapo hapo, jamani nimenasa, nisaidieni, yangeisha kwa kicheko kidogo. Mimi nikaamua kuendelea kufundisha. Nikaegemea, nikaweka mikono juu ya kimeza kama hakimu, nikasema sasa tutajifunza kumlisha mtoto akiwa amekaa, na nikafundisha somo zima lisilokuwepo kwenye ratiba, kisha somo la kupiga mswaki, kisha la kuvaa soksi (Goweko, kwenye joto lile, soksi!), huku chini kwa chini najisokota kama mtu mwenye siafu. Sista Leokadia alikuwa wa kwanza kugundua. Sikumwona usoni, aligeukia ukuta, lakini mabega yalikuwa yanaruka.

Akajiinamisha sikioni kwangu. "Dada Mwajuma, umenasa?"

"Niletee mafuta," nikamnong'oneza.

Akaleta mafuta ya alizeti kutoka kwake, kwenye kikombe, akawa ananimiminia ubavuni kwa siri huku mimi nawaeleza akina mama faida ya soksi. Nanyi mnajua mafuta yalifanya nini? Yalinitelezesha, ndiyo, lakini chini zaidi. Nikazama, kimeza kikapanda mpaka karibu na kifua, na gauni langu jipya la kitenge likalowa nikawa nanukia kama sambusa.

Na hapo ndipo likaingia gari la wageni.

Nilikuwa nimesahau kabisa kuwa siku ile angepita mgeni rasmi, kiongozi mmoja (jina lake namezea, ni mtu mwema), kuja kuiona kliniki. Akashuka na watu wake, akina mama wote wakasimama na watoto wao, wauguzi wakasimama, bibi vizee wakasimama, na katikati ya uani nikabaki nimekaa mimi peke yangu, kwenye kiti cha mtoto, magoti yamenifika kidevuni. Nikaona ni utovu wa adabu. Nikasimama. Maana yake nilisimama na kiti. Nikawa nimeinama kama ninayetafuta sindano, kiti kimenisimamia mgongoni kama gamba la kobe, nikasema, "Shikamoo mheshimiwa, karibu sana," kisha nikashindwa kubaki hivyo, nikarudi chini, pu!

Mheshimiwa akaja mpaka kwangu, akanishika mkono kwa mikono miwili, macho yamemlegea kwa huruma. "Marahaba mama. Kaa, kaa, usijisumbue." Kisha akaugeukia umati, akasafisha koo, na nikajua, kwa mtu anayesafisha koo namna ile, kwamba hotuba inakuja.

"Ndugu zangu wa Goweko! Tunao wazazi wanaowaficha watoto ndani kwa sababu ya ulemavu. Mtazameni mama huyu! Pamoja na hali yake, hakukata tamaa. Amesoma, ameajiriwa, na leo anawahudumia watoto wetu akiwa juu ya kiti chake hicho hicho!"

Makofi. Wale walioingia na gari walipiga makofi, na akina mama, waliokuwa hawajui lipi ni lipi, wakaitikia makofi. Kijana mmoja wa msafara akatoa simu kurekodi. Ulikuwa ndio wakati wa kusema neno moja tu, "Hapana." Neno fupi. Badala yake (siwezi kulieleza hili, na mume wangu akifika hapa ndipo huwa anakwenda kizingitini) nikainua mkono, nikawapungia.

"Mama," mheshimiwa akaendelea, "nakuahidi mbele ya watu hawa, tutakutafutia kiti kikubwa zaidi."

"Ahsante mheshimiwa," nikasema mimi.

Aliyenitoa kwenye dhambi hiyo alikuwa Mama Shija. Alikuwa amesimama pembeni, mwanawe begani, lakini nadhani neno hilo la kiti kikubwa lilimshinda. Akapiga hatua mbele, akapiga goti kidogo kwa heshima, akasema kwa sauti iliyotulia:

"Mheshimiwa, samahani. Huyu dokta hana ulemavu. Amenasa tu. Mwenye kiti ni mwanangu, na bado hajakikalia."

Nilitamani ardhi ya Uyui ipasuke initie ndani na kiti changu. Halafu, kabla ya mtu mwingine yeyote, aliyecheka ni Shija. Kicheko chake kinaanzia miguuni, kinapanda na mwili wote unajinyoosha, mdomo unafunguka, sauti inachelewa kidogo halafu inatoka yote. Sijui alicheka maneno au alicheka sura yangu. Mama yake akacheka, Sista Leokadia akacheka, safari hii kwa sauti (sikujua anayo), na mheshimiwa naye, Mungu ambariki, akacheka mpaka akavua miwani kuifuta. Nami nikacheka. Ningefanyaje? Ilikuwa inachekesha.

Basi ukaanza ukombozi. Wanaume wakashika kiti, wanawake wakanishika mimi, tukavutana kama kwenye michezo ya shule, na mninga ukaonyesha ulivyo mninga. Tukampigia fundi Maulidi, simu ikawekwa sauti ya juu wote wasikie.

"Fundi, nimekaa kwenye kiti," nikamwambia.

"Kiti kipi?"

"Cha mtoto."

"Kwa nini?"

Fundi akasema tulichokuwa tunakijua, kwamba mpaka kimeza kitoke ndipo nitaweza kuinama mbele na kujichomoa, na kimeza hakitoki bila pini, na pini ziko chini kule mapaja yalikoziba, na hakuna mkono wa mtu mzima uliopenya, tulijaribu wa Sista Leokadia, tulijaribu wa akina mama wembamba kuliko wote. Dereva wa mheshimiwa, mtu wa vitendo kuliko hata mimi, akaja na msumeno alioutoa sijui wapi. Nikamwona Mama Shija amebadilika uso. Alikikumbatia kichwa cha mwanawe. Na hapo, jamani, pamoja na mafuta na aibu, nilipata tena heshima yangu yote.

"Hakikatwi," nikasema. "Kateni gauni, kateni mnachotaka. Kiti hakikatwi."

Dereva akarudisha msumeno. Watu wakajitenga kidogo kujadiliana, wengine wanasema nisubiri nipoe nitapungua. Nikabaki pale peke yangu, nimezama, macho yangu yako usawa wa kiuno cha watu.

Na katika usawa huo ndipo nilipomwona Kabula.

Alikuwa ametoka ukutani bila mtu kumwita. Alikuwa amechuchumaa mbele yangu, karibu kabisa, ameinamisha kichwa anachungulia chini ya kimeza, kwa makini ya fundi anayetazama injini. Kisha akainua macho akanitazama usoni. Asubuhi yote nilikuwa sijayaona macho hayo. Nilikuwa juu, nyuma ya meza, na koti. Sasa tulikuwa tunatazamana sawa kwa sawa, na mimi sikuwa na koti wala haragwe, nilikuwa jimama tu lililonasa. Akaingiza mkono. Mkono mdogo ule ukapita pale palipotushinda wote.

Nikamtafuta Bibi Nyamizi kwa macho, nikampa ishara, naye akaja, akataka kumvuta mtoto asiumie, nikamwambia, "Bibi, tafadhali, mwache. Mwambie kwa lugha ya nyumbani, pini aizungushe, kisha aivute."

Bibi akamwambia kwa Kinyamwezi, polepole, maneno machache. Kabula akasikiliza. Akaweka mkono wa kushoto juu ya kimeza kukituliza (mikono miwili, kila mmoja na kazi yake, hakuna aliyemfundisha!), kwa wa kulia akatafuta, akapata, na nilikuwa naona kwa pembeni vidole vyake: gumba na cha shahada, ncha kwa ncha. Akazungusha. Ikakataa. Akatoa ulimi pembeni ya mdomo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, akazungusha tena, akavuta. Pini ikatoka. Akaitazama, akampa bibi yake aishike, akarudi kwenye ya pili bila kuambiwa na mtu.

Mimi nilikuwa nimesahau nyonga zangu. Nilikuwa ninapima. Kila nilichokiomba asubuhi nisikipate, kilikuwa kinapita mbele ya macho yangu kimoja baada ya kingine, kwenye kazi ambayo mtoto mwenyewe aliona ina maana.

Ya pili ikatoka, kimeza kikateleza, nikainama mbele, Sista Leokadia na Mama Shija wakanishika makwapa, na kwa sababu ya yale mafuta nikachomoka kama mbegu ya embe, nikaangukia mikono na magoti mbele ya mheshimiwa na msafara wake. Vigelegele vilivyopigwa hapo havikuwa vyangu. Kabula alivishangaa, akakimbilia khanga ya bibi, kisha akatoa jicho moja kuchungulia, akacheka.

Bibi Nyamizi alikuwa amefumba pini mbili kiganjani. "Kumbe mikono anayo," akasema.

"Anayo bibi. Na kuelewa anaelewa. Ni mimi niliyemuuliza vibaya." Nikamweleza papo hapo, nikiwa bado chini: kusema bado amechelewa na miguu inayumba, hilo tutalifanyia kazi, ila shule aende, mwalimu nitamwambia mwenyewe, na nyumbani amwache ale kwa mkono wake hata akimwaga, avae khanga yake hata ikikaa upande.

"Nilikuwa naogopa ataumia," akasema.

"Ataumia kidogo, bibi. Wote tunaumia kidogo. Nitazame mimi."

Akanitazama, nilivyolowa mafuta na nywele zimenitoka kwenye kilemba, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Kesho," akamwambia Kabula, "maharage utachambua wewe."

Tulikifuta kile kiti kwa majivu na maji, na Mama Shija, bila kuambiwa, akamkalisha mwanawe, akarudisha kimeza na pini kwa mkono wake. Shija akakakamaa, kama alivyosema mama yake, akakisukuma kiti kwa nguvu zake zote, na kiti kikatulia. Akalegea, kichwa kikasimama, akatazama watu mmoja mmoja usoni kama mgeni rasmi wa kweli. "Kimembeba dokta," Mama Shija akawaambia wenzake, "hakiwezi kushindwa na mwanangu." Sijawahi kusifiwa vile kazini, na nadhani nilisifiwa.

Kabula sasa yuko darasa la awali na nimesikia ndiye anayewafunga wenzake vifungo. Mheshimiwa tukikutana mjini huniuliza kama nimeshapata kiti changu kikubwa. Video sijaifuta kwa sababu si yangu. Sikuapa kuacha kujiamini, hilo lingekuwa uongo na mngelijua. Ninachoapa ni hiki, na mashahidi ni ninyi: kiti cha mtoto ni cha mtoto, sitakikalia tena hata nipungue nibaki mfupa. Na nikimpima mtoto siku hizi, koti linabaki msumarini, meza inabaki kwa wenye meza, na mimi nakaa chini kwenye mkeka, mahali ambapo mtoto anaweza kuniona vizuri, na ambapo sijapata kusikia mtu aliyenasa.